Deni la Mkate

Maneno ya baba yangu yamechongwa ukutani,
stesheni ya zamani, upande linakochomoza jua:
*Mwaweza kuzima taa, asubuhi haizimwi.*
Nane kwa nane, mizani imetimia.
Kila Juni watoto wa shule huletwa wayasome kwa sauti,
kamasi zikiwachuruzika kwa baridi ya Paragwai
ambayo wageni hawaamini kuwa ipo.

Baba hakuyasema.

Aliyasema Rolón, mwandishi, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
miaka kumi na tisa baadaye, ghorofani huko Buenos Aires,
mji ambao baba aliujua kwa nukta na vistari tu
vilivyopita kwenye telegrafu yake.

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa na soksi moja.
Wanaume wanne, na wa tano mlangoni akila chungwa.
Baba alipapasa miwani, hakuipata, akasema:
"Narcisa, de-de-deni la mkate. Kwa Ña Eulalia. Usisahau."
Sikuwaambia bado: baba alikuwa na kigugumizi.
Basi. Wakatoka naye.
Husemwa kimya kina mshindo mkuu.
Cha kwetu hakikuwa na mshindo wowote,
kilinuka maganda ya chungwa.

Ikafuata miaka ya kutotajwa.
Majirani walivuka barabara wakituona.
Mama akamkata baba kwenye picha ya harusi,
akaubakiza mkono mmoja,
maana ulikuwa begani pake,
na bega bado alilihitaji.

Kisha kitabu kikaja na treni ya mizigo,
jalada limechanwa, katikati ya gunia la majani ya mate.
Kikasomwa jikoni, kikasomwa chooni,
kikarudi kwa mwenyewe kimenenepa kwa unyevu wa mikono.
Fundi cherehani aliyetunyima salamu miaka kumi na tisa
akanishika kiwiko sokoni, akalia,
akaniita binti wa mtu wa asubuhi.
Ndivyo baba alivyorudi mjini:
mrefu kuliko alivyoondoka,
bila miwani, na ulimi mwepesi kama wa wakili.

Leo watu sita wameniapia
kwamba waliyasikia maneno yale kwa masikio yao, kupitia dirishani.
Madirisha yalikuwa yamefungwa. Ilikuwa Juni.
Lakini si waongo hawa, nawajua.
Ulimi hauna mfupa,
na kumbukumbu haina hata ulimi.
Huazima.

Tume ya Ukweli ilipofika
mwanamke mpole mwenye kinasa sauti akaniuliza:
Eligio Cañete alisema nini mwisho?
Nikafungua mdomo kwa ajili ya mkate.
Ikatoka asubuhi.
Yote, nane kwa nane,
sikukwama hata silabi moja.
Imeandikwa. Imepigwa muhuri.

Rolón, sikulaumu. Au nakulaumu Jumanne,
na Jumatano nakushukuru.
Ungeandika mkate, nani angeuchonga ukutani?
Nani angemlilia mtu aliyechukuliwa
akiwaza guarani thelathini?
Mimi tu. Na mimi mwenyewe, umeona, sikutosha.

Ña Eulalia alikufa kabla sijakua.
Nilimpelekea mjukuu wake pesa, akazisukuma nyuma:
"Kutoka kwa binti wa mtu yule? Mwiko!"
Na ukutani kwake, juu ya tanuri, ule mstari,
umeandikwa kwa rangi ya bluu, na umekosewa herufi.

Kwa hiyo deni lipo.
Kila Ijumaa nanunua chipa mbili,
naacha chenji kaunta, naondoka mbio
kadiri magoti yanavyoniruhusu.
Kijana hunifuata hadi barabarani, kiganja wazi:
"Mama Narcisa! Mama, umesahau!"
Nampungia mkono bila kugeuka.
De, namwambia. De. De.